Hundi Hupitia kwa Wakili

Mtu aliyevunjika mguu katika ajali ya matatu mara nyingi hapati nafasi ya kutafuta wakili, kwa sababu wakili humtafuta yeye. Plasta haijakauka, na tayari kuna mtu kando ya kitanda chake wodini, mwenye kalamu na fomu, anayemweleza kwamba ofisi fulani mjini itashughulikia kila kitu na kwamba hatatoa hata shilingi moja mpaka pesa za bima zitoke. Mtu huyo si muuguzi, si jamaa, wala si wakili. Ni dalali wa kesi, anayelipwa kwa kila majeruhi anayemfikisha ofisini, na jina la mgonjwa huwa amelidokezewa na mtu wa kituo cha polisi au wa hospitali. Mgonjwa ana maumivu, kazi imesimama, bili inapanda kila kukicha, na huyu ndiye wa kwanza kumtajia habari ya fidia. Anatia sahihi. Wapo wanaokaa miaka bila kujua jina kamili la wakili waliyempa idhini ya kuwawakilisha.

Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, inakataza jambo hili waziwazi. Wakili haruhusiwi kutumia watu wa kumkusanyia wateja, wala kugawana ada yake na mtu asiye wakili. Hata hivyo dalali wa kesi yuko palepale, na sababu ya kuendelea kwake ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Swali la jinsi ya kumpata wakili wa fidia huulizwa kana kwamba ni swali la umahiri: nani anaijua sheria, nani ana ulimi mahakamani, nani alimshindia jirani yetu. Kwa maoni yangu ni swali la pesa kwanza. Katika kesi hizi wakili si msemaji wako tu. Ndiye atakayeshika malipo yako yote kabla hujayaona. Anayechagua wakili wa fidia anachagua mtunza fedha, na malalamishi yenye uchungu zaidi dhidi ya mawakili wa aina hii hayatoki kwa watu walioshindwa mbele ya hakimu. Hutoka kwa watu walioshinda, kampuni ya bima ikalipa, kisha wao wakabaki kuambiwa warudi wiki ijayo.

Ili kuona kwa nini mambo huwa hivyo, tuifuate kesi yenyewe hatua kwa hatua. Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kuwa na bima ya kufidia madhara litakayowaletea watu wengine, kwa mujibu wa Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Lakini aliyeumia haanzi kwa kuishtaki kampuni ya bima. Humshtaki mwenye gari na dereva, na kampuni husimama nyuma yao, ikawawekea wakili na, wakishindwa, ikalipa hukumu kwa kiwango kisichozidi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Wakili wa mdai ni lazima aipelekee kampuni hiyo taarifa ya kesi kabla ya kuifungua au ndani ya siku chache zilizowekwa na sheria baada ya kuifungua. Akiisahau karatasi hiyo moja, mteja wake anaweza kushinda mahakamani na kampuni ikakataa kulipa, na sheria ikawa upande wa kampuni. Kampuni ikikaidi bila sababu, hufunguliwa kesi ya pili ya kuiomba mahakama itamke kwamba inawajibika kulipa. Kuna makataa pia: miaka 3 tangu siku ya ajali, na miezi 12 tu ikiwa anayedaiwa ni serikali. Haki ya aliyekufa haidaiwi mahakamani mpaka familia ipate idhini ya mahakama ya kusimama kwa niaba yake.

Ushahidi hukusanywa vipande vipande. Kuna abstrakti ya polisi, fomu ya P3 ambayo daktari huwajazia polisi, rekodi ya mamlaka ya usafiri, NTSA, inayoonyesha mwenye gari, stakabadhi za matibabu, na ripoti ya daktari inayoeleza jeraha limeacha ulemavu wa kiasi gani. Kampuni ya bima nayo humpeleka mdai kwa daktari wake. Baada ya hapo pande mbili huvutana zikiwa na hukumu za zamani mkononi, kwani Kenya haina orodha ya bei ya kila kiungo kwa ajali za barabarani. Bunge lilijaribu kuiweka mwaka 2013, na Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2016. Hapa ndipo umahiri unapohesabika. Wakili mwangalifu hataruhusu jeraha litathminiwe kabla halijatulia, na atatofautisha mfupa uliounga vizuri na mfupa utakaohitaji vyuma kuondolewa miaka miwili baadaye. Tofauti ya ripoti hizo mbili inaweza kuwa mamia ya maelfu ya shilingi.

Kisha wanaafikiana, au hakimu anaamua, na kampuni inaandika hundi. Hundi hiyo kwa kawaida haiandikwi kwa jina la majeruhi. Huandikwa kwa jina la ofisi ya wakili. Pale ambapo kesi imemalizwa kwa maafikiano, mteja hutia sahihi hati ya kukiri kwamba dai lake limekwisha, na mara nyingi huitia kabla hajagusa chochote. Kuanzia hapo, kampuni ya bima imemaliza kazi yake na mahakama imefunga faili. Watu wawili tu ndio waliobaki, na mmoja wao ana pesa zote na maarifa yote.

Sheria haikulala katika jambo hili. Kanuni za hesabu za mawakili zinamtaka kila mmoja aweke fedha za wateja katika akaunti yake tofauti, zisichanganyike na za ofisi. Wakili aliyekabidhiwa fedha na akashindwa kuzitolea hesabu anaweza kushtakiwa kwa jinai chini ya Sheria ya Mawakili, na anaweza kufutwa katika orodha. Tatizo ni kwamba ulinzi wote huo unamtegemea mteja anayejua alistahili kiasi gani, na mteja wa Kenya hana karatasi ya kumwambia hivyo. Hana kwa sababu makubaliano yake na wakili ni ya aina ambayo sheria haiitambui.

Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano yoyote ambayo wakili wa kesi atalipwa iwapo tu atashinda, au atalipwa zaidi akishinda na kidogo akishindwa. Ada inapaswa kufuata viwango rasmi, au kiasi kilichokubaliwa mapema kwa maandishi na kutiwa sahihi na mteja chini ya kifungu cha 45. Kwa mfanyabiashara anayegombea kiwanja, hilo linawezekana. Kwa makanga aliyelazwa, au mama aliyekuwa akiuza mboga kando ya barabara gari likamparamia, halina maana yoyote. Hana ya kulipa leo. Pesa pekee atakazowahi kuwa nazo kwa ajili ya wakili ni zile ambazo wakili huyo atamtafutia. Kwa hiyo wakili na mteja hufanya kile ambacho hali inawalazimisha kufanya: wanakubaliana kwa mdomo kwamba wakili atachukua sehemu ya fidia, na hakuna anayeandika kwa sababu kuandika ni kukiri kosa. Sehemu hiyo hutajwa mara moja, katika chumba cha mbele cha ofisi, na ikikumbukwa tofauti baada ya miaka mitatu, hakuna wa kuamua nani anakumbuka sawasawa.

Hapo hesabu hufichika kwa urahisi. Tuseme majeruhi amepewa fidia ya shilingi 800,000, na kampuni ya bima ikaagizwa pia kulipa gharama za kesi shilingi 150,000. Jumla ya hundi ni 950,000. Wakili aliyetajiwa asilimia 30 anachukua 240,000 kutoka kwenye fidia. Kisha anabaki na zile 150,000 za gharama, ambazo mteja hakuwahi kuambiwa kwamba zipo. Tayari ana 390,000, yaani zaidi ya asilimia 41 ya kilicholipwa. Anakata tena ada ya kufungua kesi na malipo ya daktari aliyeandika ripoti, akisema alizitoa mfukoni. Ni kweli alizitoa. Lakini gharama zinazolipwa na aliyeshindwa huhesabiwa zikiwa na matumizi kama hayo ndani yake, kwa hiyo mteja analipishwa kitu ambacho bima imeshakirudisha. Mteja anayepewa 520,000 huenda akashukuru na kuondoka. Hakudanganywa kwa tarakimu hata moja. Alinyimwa tu zile ambazo zingemwezesha kuuliza.

Si kila asilimia inayochukuliwa hivi ni wizi, na ni haki kulisema hilo kwa sauti ileile. Viwango rasmi vinamruhusu wakili kumdai mteja wake zaidi ya gharama anazolipa mpinzani. Ada ya chini kati ya wakili na mteja imewekwa kuwa nusu zaidi ya zile gharama. Wakili wa majeruhi hubeba kesi kwa miaka bila kulipwa, na nyingine huishia patupu kwa sababu gari halikuwa na bima au kampuni imeanguka. Hilo la kuanguka si la kubuni: United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, na watu waliokuwa na hukumu mkononi wakabaki nazo. Anayebeba hatari hiyo anastahili ujira. Kinachonisumbua ni kwamba ujira wenyewe umewekwa gizani na sheria iliyotungwa kumlinda mteja.

Sheria hiyo ina asili yake. Ilitoka katika mapokeo ya Uingereza, ambako wakili kuwa na hisa katika matokeo ya kesi kulionekana kama kununua ugomvi wa mtu mwingine. Ilihofiwa kwamba angetunga ushahidi au kuchochea kesi za uongo. Kenya iliurithi woga huo pamoja na majoho. Uingereza yenyewe ilianza kuulegeza kwa sheria ya mwaka 1990, na tangu 2013 wakili wa Uingereza na Wales anaweza kukubaliana na majeruhi kulipwa sehemu ya fidia isiyozidi asilimia 25, bila kugusa pesa zilizotolewa kwa hasara ya siku za usoni kama vile matunzo. Afrika Kusini ilipitisha sheria mahsusi mwaka 1997: makubaliano yawe ya maandishi, ada isizidi mara mbili ya ada ya kawaida, wala isipite asilimia 25 ya pesa zilizopatikana. Si kwamba huko hakuna wakili laghai. Afrika Kusini ina kesi zake za kusikitisha za mawakili waliokwangua malipo ya mfuko wa ajali za barabarani. Tofauti ni kwamba mteja wa huko ana karatasi, na karatasi hiyo ina namba ambayo hakimu anaweza kuilinganisha na sheria.

Atatokea wa kusema kwamba kuruhusu asilimia ni kuwapa madalali leseni, na kwamba kampuni za bima tayari zinalia juu ya ajali za kutungwa na majeraha ya kughushi. Kilio hicho si cha bure. Mamlaka ya Kusimamia Bima imelazimika kuwa na kitengo cha kuchunguza ulaghai, na matatu iliyobeba abiria 14 imewahi kuzaa wadai wengi kuliko viti vyake. Lakini tukitazama vizuri, ulaghai huo umestawi chini ya marufuku, wala haukuzuiwa nayo. Wakili anayetaka kutunga kesi hahitaji mkataba halali, giza linamtosha. Anayehitaji mkataba halali ni yule mwaminifu, ambaye leo hawezi kumwonyesha mteja masharti yake bila kujihatarisha mbele ya jopo la nidhamu. Asilimia iliyoandikwa, yenye kikomo, na inayosema wazi gharama za kesi ni za nani, ingemwondolea dalali silaha yake kubwa, maana ahadi ya "hutalipa kitu" haina uzito mbele ya mgonjwa ambaye ofisi iliyo mtaa wa pili inaweza kumpa ahadi hiyohiyo kwa maandishi.

Mpaka Bunge libadilishe sheria, majeruhi bado anahitaji wakili, na anahitaji njia ya kumchagua. La kwanza ni kutotia sahihi wodini. Miaka 3 ni muda wa kutosha kumfanya mtu apone kwanza na achague akiwa amekaa. Kinachohitaji haraka ni ushahidi: namba ya gari, stika ya bima iliyo kwenye kioo, majina ya walioshuhudia, na taarifa katika kitabu cha matukio cha polisi. Hayo ndugu yeyote anaweza kuyashughulikia bila wakili. Dalali anayesema kwamba kesi itaharibika usipotia sahihi leo anasema jambo ambalo, isipokuwa kwa madai dhidi ya serikali, karibu kila mara si kweli.

La pili ni kuhakikisha kwamba wakili ni wakili. Kila wakili anayehudumu huchukua cheti kipya kila mwaka, na Chama cha Mawakili nchini, LSK, kina ukurasa wa kumtafuta kwa jina au kwa namba yake ya P.105 na kuona kama cheti chake kiko hai. Mwezi Oktoba 2023 nchi nzima ilizungumzia habari za mtu ambaye LSK ilidai alijipenyeza katika orodha hiyo kwa kutumia nafasi ya wakili mwingine mwenye jina linalofanana na lake. Tukio hilo halifanyi orodha kuwa bure, ila linafundisha kwamba isisimame peke yake. Ofisi itembelewe, na mteja azungumze na wakili ana kwa ana. Mazungumzo na karani hayatoshi. Karani wa ofisi za kesi za ajali mara nyingi ndiye anayeijua faili kuliko mwajiri wake, lakini si yeye atakayejibu pesa zikipotea.

Je, awe wakili wa karibu? Watu hulijibu swali hili kwa sababu isiyo sahihi. Husema wakili wa mjini kwetu anajuana na mahakimu, kana kwamba kujuana ni sifa. Kesi ya jeraha hufunguliwa mahali ajali ilipotokea au anapoishi mdaiwa, kwa hiyo wakili wa hapo huokoa nauli za mashahidi na kuahirishwa ovyo kwa kesi. Faida hiyo ipo, ingawa imepungua tangu mahakama zianze kupokea kesi kwa mtandao, Nairobi mwaka 2020 na kote nchini mwaka 2024. Sababu iliyobaki, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote, ni kwamba ofisi ya karibu unaweza kuiingia asubuhi bila miadi ukauliza faili imefika wapi. Aliyeumia Voi na kumpa kesi wakili wa Nairobi kupitia dalali amejiweka umbali wa kilomita zaidi ya 300 kutoka kwa hundi yake mwenyewe. Ukaribu ni kifaa cha kudai hesabu.

Katika kikao cha kwanza, mteja asitumie muda wake kuuliza kesi yake ina thamani gani. Wakili mwadilifu hawezi kujua kabla ya ripoti ya daktari, na anayetaja mamilioni papo hapo anauza. Aulize pesa zitapita wapi. Kampuni gani ya bima ndiyo itakayolipa, na je, iko hai na inalipa? Taarifa ya kisheria kwa kampuni hiyo itapelekwa lini, na nakala yake ataipata? Matumizi ya kesi yatatoka mfukoni mwa nani, na bima ikiyarudisha yatahesabiwa vipi? Gharama zitakazolipwa na mshindwa zitakuwa sehemu ya ada au nyongeza juu yake? Malipo yakiingia, mteja atajulishwa baada ya siku ngapi, na ataonyeshwa nakala ya hundi pamoja na barua ya kampuni? Majibu yaandikwe. Atakayepinga kwamba mkataba wa asilimia ni batili kwa hiyo kuandika hakusaidii, amechanganya mambo mawili. Asilimia ndiyo iliyo batili. Kiasi maalumu cha ada kilichokubaliwa na kutiwa sahihi ni halali, na barua inayoeleza matumizi, nakala na siku za kutoa hesabu haigusi kifungu cha 46 hata kidogo. Wakili anayekataa kuandika hata hayo amekwisha kujibu.

Wapo wanaoshauri kumkwepa wakili kabisa, na kwa majeraha fulani ushauri wao una mashiko. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inataja fidia ya majeraha miongoni mwa madai yanayoweza kusikilizwa huko, kikomo chake kikiwa shilingi milioni 1 na hukumu ikitarajiwa ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia. Majaji wa Mahakama Kuu hawajakuwa na kauli moja kuhusu kesi za ajali za barabarani katika mahakama hiyo, kwa hiyo ni vyema kuuliza utaratibu wa kituo husika kabla ya kufungua. Aliyeumia kazini naye ana njia tofauti: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inampeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mahakama ya Juu iliithibitisha njia hiyo Desemba 2019. Mjenzi aliyeanguka kutoka jukwaani hahitaji kumpa mtu theluthi ya malipo yake kwa kujaziwa fomu za ofisi ya serikali.

Lakini kwa jeraha zito la barabarani, kwenda peke yako kwa kampuni ya bima ni hatari ya aina nyingine. Mtathmini wa kampuni ni mwajiriwa wa anayelipa. Atakuja mapema, akiwa mpole, na kiasi ambacho kwa mtu asiye na mshahara mwezi wa pili kinaonekana kikubwa. Hati ya kumaliza dai ikishatiwa sahihi, mguu ukioza mfupa mwaka ujao hakuna mlango wa kurudi. Wakili mbaya anaweza kula nusu ya fidia. Mazungumzo ya mapema bila wakili yanaweza kuifanya fidia yote iwe bili ya hospitali na nauli. Wasio na uwezo wana Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na mashirika kama Kituo cha Sheria, ambayo hata pale yasipoichukua kesi yanaweza kumsomea mtu karatasi aliyopewa kabla hajaitia sahihi.

Na mambo yakishaharibika? Mteja anaweza kumbadilisha wakili wakati wowote, ila baada ya hukumu mabadiliko hayo yanahitaji ruhusa ya mahakama au maafikiano kati ya mawakili wawili, na wakili wa zamani anaweza kuishikilia faili hadi alipwe ada yake. Ndiyo maana shaka ifanyiwe kazi mapema. Malalamishi hupokelewa bila malipo na Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, ambayo inaweza kuwapatanisha au kuipeleka kesi mbele ya jopo la nidhamu. Kuna pia njia isiyojulikana sana, Agizo la 52 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, inayomruhusu mteja kuiomba Mahakama Kuu imwamuru wakili atoe hesabu kamili ya fedha alizopokea. Njia zote hizi ni za kweli, na zote zina udhaifu mmoja: huanza baada ya pesa kutoweka, na zinamtaka mtu mwenye magongo kupanda ngazi za ofisi kumtafuta aliyezila.

Dawa iliyo nafuu zaidi haihitaji hata kungoja mjadala wa asilimia uishe. Kampuni ya bima inajua jina la majeruhi, ina nambari ya kitambulisho chake na mara nyingi simu yake, kwa maana ziko katika hati ya kumaliza dai. Mamlaka ya Kusimamia Bima ingezitaka kampuni zote, siku zinapotoa malipo, zimtumie mdai ujumbe wa maneno machache: fidia ni kiasi hiki, gharama za kesi ni kiasi hiki, zimelipwa leo kwa ofisi ya wakili fulani. Nchi ambayo muuza maandazi hupata ujumbe wa kila shilingi inayoingia kwenye M-Pesa yake haiwezi kusema kwamba jambo hilo ni gumu. Ujumbe huo hauchukui ada ya wakili yeyote na hauvunji siri yoyote, kwa kuwa pesa zinazotajwa ni za mteja. Wakili mwaminifu utamwondolea shuku zisizo na msingi. Atakayeupinga aeleze ni neno gani ndani yake ambalo mteja hapaswi kulijua.